Mulamula wa Mstari wa Kati

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kamba, fyekeo na beberu mmoja aliyenizidi cheo. Kocha hakunificha. "Huyu ndiye mkubwa wako," aliniambia akimpigapiga mnyama mgongoni. "Anakata majani ya uwanja huu tangu timu ianzishwe. Wewe umekuja leo. Ukimkuta kazini, msalimie."

Nikamsalimia. Beberu akanitazama kama mkaguzi wa elimu anavyomtazama mwalimu aliyechelewa, kisha akaendelea kula. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya kutunza uwanja wa timu ya Mkungu, hapa Nyaishozi, na niliifanya, hapa na kwingine, mpaka magoti yalipokataa.

Vijana wa sasa mnaiona Mkungu ina jezi zenye namba na ukurasa kwenye simu, mnaniuliza, "Babu, hivi sisi tuliwahi kucheza ligi?" Ligi ya wapi, wajukuu zangu? Mkungu ni timu ya mchangani tangu kuzaliwa. Tumecheza mabonanza, mechi za kirafiki zilizokwisha bila urafiki, na makombe ya mbuzi. Mbuzi ndio tuliowashinda kwelikweli. Kuna wakati tulibeba mbuzi wengi mpaka nikahofu Wilaya ya Karagwe yote itabaki na kondoo watupu. Lakini ligi, hapana. Mimi huwa najiuliza kitu kingine, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu hii niliyoizoea ukubwani, kwenye masomo ya jioni: timu isiyo na ligi wala mfadhili inaishije muda wote huu? Jibu nililolipata ni fupi. Inaishi kwa sababu ina mahali pa kuchezea. Na mahali petu palibaki kidogo sana pakatwe katikati kama papai.

Nianze na kiwanja chenyewe. Aliyekitoa ni Mzee Bashaija, mkulima wa kahawa na ndizi, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Alikata kipande cha ardhi chini ya kibanja chake, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, akawaita wazee wa ukoo wake, wakatafuna kahawa kavu kama ilivyo desturi ya kumpokea mgeni, na mbele yao akapanda mulamula kwenye pembe zote nne. Kwa msomaji wa mbali nieleze kwamba mulamula ni mmea wa majani marefu ya kijani, ambao kwetu hupandwa kwenye mipaka ya mashamba. Ukishapandwa, hakuna mwenye akili zake anayeung'oa. Mwenye shamba anaweza kufa, na shahidi naye akafa, ila mulamula unabaki pale unasema hapa ndipo. Mzee alipomaliza akafuta mikono, akawaambia vijana neno moja tu: "Chezeni." Mimi nilikuwa mtoto, lakini baba yangu alikuwepo na alikuwa akiisimulia siku hiyo kila Idi.

Baba alikuwa fundi cherehani. Babu yangu ndiye aliyetoka Pangani na mzigo wa kanga, akaonja ndizi za kupika za Karagwe, akasahau njia ya kurudi. Kocha naye alikuwa mtu wa Tanga, aliyekuja kama dereva wa lori la kahawa. Lori likafa, yeye akabaki. Aliponikuta nimekaa dukani nakata vifungo akasema, "Wewe ni mtu wa kwetu. Mtu wa kwetu hawezi kukaa ndani mpira ukichezwa nje." Ndiyo ikawa barua yangu ya ajira.

Kazi ya mtunza uwanja ina mambo matatu: majani, mistari na magoli. Majani tulimwachia beberu na mimi nikafyeka alipochoka, ingawa sikumbuki kumwona amechoka. Mistari ndiyo iliyokuwa chuo kikuu. Unapigilia mambo, vile vijiti vya kushikia kamba, unaivuta kamba mpaka ilie kama zeze, kisha unamwaga chokaa au majivu juu yake. Ukitaka kujua katikati ya uwanja, huhesabu hatua. Unanyoosha kamba kutoka goli mpaka goli, unaikunja mara mbili, unafunga fundo pale inapokunjika. Kocha alilisisitiza hilo kama sala. "Bwana Kamba," aliniita hivyo tangu siku ya kwanza na jina likaganda, "mguu unadanganya. Mguu una njaa, una uchovu, una haraka. Kamba haina tumbo."

Uwanja wetu, nisisahau, una mteremko. Ukipiga mpira kutoka goli la juu bila kufikiri, huna haja ya kuufuata kwa miguu, mwandikie ndugu yako aliye ng'ambo ya mto Kagera aupokee.

Sasa, siku hiyohiyo ya kwanza, kulikuwa na tatizo la mstari wa kati. Ncha zake mbili zilikuwa na fito, moja kila upande nje ya mstari, ili mwamuzi ajue kati ni wapi hata mvua ikifuta chokaa. Na mvua ya Nyaishozi hufuta chokaa kabla hujaimwaga. Shida ilikuwa mchwa. Kila msimu walizila fito zile wakabakiza kivuli chake. Kocha akaondoka, akarudi na vijiti viwili vibichi alivyokata kwenye ua wa nyumba aliyopanga.

Nikamwambia, "Kocha, huo ni mulamula. Kwa watu wa hapa ni wa mipaka."

"Mchwa wanaula?"

"Hawaugusi."

"Na mstari wa kati ni nini, kama si mpaka?"

Mpaka leo nikilitafakari lile swali naona lilikuwa na akili yake. Tukachimba, tukasimika, kimoja upande wa barabara na kimoja upande wa bondeni. Mama mmoja aliyekuwa akipita na tenga la ndizi kichwani akasimama, akatutazama, akacheka mpaka tenga likayumba.

"Nyie watu, mnagawana na nani?"

"Na wageni, mama!" Kocha akajibu.

Akaenda zake anacheka. Mzee Bashaija naye alishuka jioni ile, akavizunguka vile vijiti viwili na mikono nyuma, akatikisa kichwa, akapanda kwake bila kusema neno. Mulamula ukichomekwa kwenye udongo wetu haungoji ruhusa. Baada ya mvua mbili vilikuwa vimeota majani, na baada ya miaka vikawa vichaka vinavyotoa kivuli kwa wachezaji wa akiba.

Katibu wetu, mtu makini aliyekuja Karagwe kwa kazi ya serikali, ndiye aliyenitoa Nyaishozi. Timu ya Rugu ilikuwa na mchezaji wa pembeni tuliyemtaka, na wao walitaka uwanja wao unyooshwe. Wakabadilishana: sisi tukampata winga, wao wakanipata mimi. Najivunia kwamba huenda ni mtunza uwanja pekee Kagera nzima aliyesajiliwa. Rugu walikuwa na fuko, wale panya vipofu wanaochimba chini ya nyasi na kuinua vichuguu. Golikipa mmoja alitumbukia kwenye shimo la fuko akidaka penalti, na kwa mbali ungedhani ameota pale. Nilijifunza kuwatega, na nilijifunza kuchimba mstari kama kifereji chembamba na kukijaza majivu yaliyochanganywa na mchanga, ili mvua ikinyesha mstari ubaki chini kama mshipa.

Kutoka Rugu nikaitwa Songambele, upande wa Kyerwa. Huko mwenyekiti wa timu alikuwa mama mwenye duka la dawa za mifugo, Mlutheri wa Muleba, na alikuwa haamini kitu mpaka akishike. Alinifundisha magoli. Nguzo ni mkaratusi ulionyooka, unaumenya, unaukausha kivulini, sehemu ya kuzikwa unaipaka oili chafu ya gari. Juu yake unalaza mtambaa wa panya, ule mwamba unaounganisha nguzo mbili. Mara moja nilisimamisha goli, upepo ukalilaza mbele kidogo. Mama mwenyekiti akaja, akalizunguka.

"Bwana Kamba, goli lako limeinama."

"Limesujudu, mwenyekiti."

"Mwambie lisujudu baada ya mechi."

Nilikaa Songambele miaka mingi, nikaoa huko, na nilikuwa nimeshajihesabu mtu wa Kyerwa siku simu ya Katibu ilipoingia. Sauti yake ilikuwa kavu. "Rudi nyumbani. Mzee Bashaija tulimzika juzi, na leo uwanja una kesi."

Nilipofika nilikuta hali hii. Mzee aliacha wana wawili. Mkubwa, Fabian, alikuwa amerudi kutoka Mwanza na familia yake, mkulima hodari asiye na mahali pa kutosha pa kulima. Yeye ndiye musika, yaani mrithi mkuu, ambaye kwa desturi fungu lake huwa kubwa kuliko la wenzake. Mdogo, Deo, alikuwa beki wa kushoto na nahodha wa Mkungu. Wazee wa ukoo walipokuja kuutazama urithi walizunguka uwanja wakaona mulamula wa pembe nne, ambao waliujua. Kisha wakaona mwingine, mzee mzima wenye shina nene, umesimama katikati upande wa barabara, na pacha wake upande wa bondeni. Wakatazamana. Wakaona jambo liko wazi: marehemu aliwapa vijana uwanja, lakini baadaye akabadili nia, akawagawia wanawe kimyakimya. Nusu ya chini ya Fabian, nusu ya juu ya Deo.

Fabian hakuwa mtu mbaya, na naomba mlielewe hilo. Aliona ardhi yenye rutuba, maana mbolea ya mbuzi wetu wote iliteremkia kwake huko chini, na ana watoto wa kiume wanne. Alitaka kupanda migomba msimu uleule. Deo alisema nusu yake itabaki ya mpira. Lakini mpira gani unachezwa kwenye nusu ya uwanja? Mshambuliaji angefunga goli kwenye mgomba?

Tukakutana palepale uwanjani. Wazee walikaa kwenye nyasi, wametafuna kahawa yao, na mkuu wao alikuwa Ta Kaijage (ta au tata kwetu ni baba), mzee mwenye fimbo na masikio yasiyopitwa na kitu. Pembeni, juu ya mkeka, alikaa mjane wa marehemu, Ma Paulina.

"Shikamoo, tata," nikaanza. "Ule wa katikati si mgawo. Ni mstari wa kati wa mpira. Aliupanda Kocha."

"Marahaba. Kocha wa ukoo gani?"

"Mtu wa Tanga."

Wazee wakacheka kwa heshima. "Mtu wa Tanga apande mulamula katika ardhi ya Bashaija, na Bashaija auone, aupite kila siku, asiseme neno?" Ta Kaijage akaniuliza. "Yuko wapi huyo Kocha?"

"Alishafariki, tata. Lakini mimi ndiye niliyemshikia kamba."

"Wewe ni mtu wa timu, mwanangu. Mtu wa timu akitetea timu tunamsikia, lakini hatumwandiki shahidi. Mulamula wa pembe nne naujua, siku ile kahawa niliitafuna mimi mwenyewe. Lakini mtu hubadili nia, na mulamula wa baadaye una nguvu kuliko maneno ya zamani."

Nikaona Mkungu inakwenda na maji. Deo alikuwa amekaa na viatu vyake vya mpira mapajani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Ndipo Ma Paulina akazungumza kutoka mkekani.

"Pimeni."

"Tupime nini, Ma?" akauliza Ta Kaijage.

"Hizo nusu. Mume wangu nimekaa naye ujana mpaka uzee. Kama ni mkono wake, mtauona."

Fabian akasimama mara moja, ana miguu mirefu kama korongo. "Nitapima mimi." Akaanzia kwenye mulamula wa katikati, akashuka kwenda goli la chini, anahesabu kwa sauti. Mteremko ukamsukuma, akaenda kwa hatua ndefundefu, akafika upesi. Akarudi katikati, akageukia juu. Huko mlima ulimkamata. Hatua zikawa fupi, pumzi ikawa nyingi, hesabu ikapita ile ya chini, ikaendelea kupita, na alipofika goli la juu alikuwa ameishiwa namba na hewa. Alisimama huku anatazama chini kama mtu aliyeibiwa.

"Haiwezekani," akasema alipotufikia. "Fungu langu liwe dogo? La Deo liwe kubwa? Mimi musika?"

"Ndivyo ulivyohesabu," Deo akamchokoza. "Ulikuwa peke yako na miguu yako."

"Nyamaza wewe! Baba hawezi kunipunja. Baba alikuwa akinipa mimi kipande cha kwanza cha nyama hata nikiwa nimechelewa kula! Haiwezekani ukawa mkono wa baba huo!"

Ta Kaijage akaishusha fimbo taratibu. "Sema tena, mwanangu."

Fabian akageuka, akautazama mulamula upya.

Mimi kamba ilikuwa begani, maana hata msibani huwa naenda nayo. Nikasema, "Tata, mguu unadanganya mlimani. Tupime kwa hii." Deo akashika ncha, Fabian akashika nyingine, kwa sababu wazee walitaka wote wawili washike. Tukainyoosha kutoka katikati mpaka goli la juu, nikafunga fundo. Tukaishusha kutoka katikati mpaka goli la chini. Nikajiuliza kama Kocha siku ile alikunja kamba vizuri, au kama shina limesogea kwa unene. Fundo likatua kwenye mstari wa goli. Halikupungua wala kuzidi. Ta Kaijage alijishika magoti, akainama, akalitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine.

"Sawasawa," akasema.

Ma Paulina akaanza kucheka. Alicheka akashika ubavu. "Bashaija agawe sawasawa! Mume wangu huyu! Mtu ambaye hata ndizi moja mbivu alikuwa akiikata, kipande cha musika kinakuwa ndizi na kipande cha Deo kinakuwa ganda!" Wazee nao wakaachia, na hata Fabian akashindwa kujizuia. Ta Kaijage akafuta machozi kwa kiganja. Hakuna baba wa ukoo wao, akasema, aliyewahi kugawa ardhi nusu kwa nusu kati ya musika na mdogo wake. Huu ulikuwa mkono wa mtu mgeni asiyejua watoto wana vyeo.

Lakini alikuwa na udadisi mzee yule, na hakuondoka na swali tumboni. "Sasa niambie, Bwana Kamba. Kama haugawi wana, unagawa nini?"

"Unagawa sisi na wageni, tata. Kabla ya mpira kuanza, kila timu inakaa upande wake."

"Na baada ya filimbi?"

"Kila mtu anaingia kwa mwenzake."

"Bila hodi?"

"Bila hodi."

Akafikiri sana. "Mpaka wa ajabu," akasema. "Lakini mulamula ukishaota hatung'oi. Acheni ukae. Na pembe nne ni za Bashaija, neno lake la siku ile linasimama."

Fabian akauliza, kwa sauti ya chini safari hii, watoto wake watalima wapi. Ta Kaijage akamwonyesha kwa fimbo ule mteremko wa vichaka nyuma ya goli la chini, nje ya pembe, ambao ulikuwa sehemu ya kibanja lakini hakuna aliyewahi kuufyeka. Timu nzima tuliufyeka, wachezaji, viongozi na mashabiki, na niliwaongoza kama jemadari. Mbolea ya mbuzi wa uwanja tukaamua iwe yake daima. Leo hii migomba yake ina mikungu ambayo ukitaka kuishusha inabidi uombe msaada wa kijiji, na mpira ukiingia humo ni lazima upige hodi.

Baada ya hapo nilibaki Mkungu, na sasa nimestaafu. Kazi ameishika binti mmoja, Advera, mwenye mashine ya kukatia nyasi inayonguruma kuliko beberu yeyote, na mistari yake imenyooka, nakiri, ingawa ya kwangu ilinyooka zaidi. Nimemwachia kamba yenye fundo. Nimemweleza pia habari hii yote, kwa sababu naona mtu anayeutunza uwanja anapaswa kujua kila kilichoota juu yake, nani alikipanda na alifikiri nini siku ile. Mimi huwa nakwenda Jumapili, nakaa kivulini mwa mulamula wa upande wa barabara.

Jumapili iliyopita walikuja wageni kutoka Songambele. Dakika za mwisho, mpira mrefu ukapigwa, mshambuliaji wetu akachomoka peke yake, na mshika kibendera akainua mkono: ameotea. Kabla sijainuka, mtu alishanipita mbio na mvi zake, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna. Alikuwa Fabian. Alimfikia mshika kibendera, akamgeuza kwa bega mpaka wakatazamana na shina, akaupiga mulamula kwa kiganja.

"Hajavuka huu! Mtu akiwa upande wa kwao haotei! Unaona huu? Huu ndio katikati! Kama huamini, tuleteeni kamba tupime!"

Advera akaja anakimbia, kamba begani.